Dosiye Imehamishwa, Mahojiano Bado: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Wanaongoja Gitega na Muyinga

Dosiye yako imehamishwa. Kwa aliye kambini Kinama, kule Gasorwe upande wa Muyinga, maana yake ni kwamba HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, imemaliza kuandika habari zake na kuzikabidhi kwa nchi inayofikiria kumpokea. Kama nchi hiyo ni Marekani, karatasi zimepita Nairobi, kwenye kituo kinachoendeshwa na shirika la Church World Service. Watu wa kituo hicho humhoji mkimbizi kwanza, kisha ofisa wa uhamiaji wa Marekani naye huja kumhoji na kuamua. Kwa mama wa Gitega ambaye mumewe alitangulia Marekani akiwa mkimbizi, maana yake ni kwamba ombi la mume limesomwa huko na dosiye imeletwa ubalozini ili mke na watoto waitwe. Na kwa mume mwenyewe, aliyeko Louisville au Dallas akingoja grini kadi, dosiye imetoka kituo kikubwa cha kazi za karatasi ikapelekwa ofisi iliyo karibu naye, aketi na ofisa uso kwa uso.

Kwa wote watatu yupo mtu atakayeuliza maswali siku isiyojulikana. Hakuna utakalofanya kuileta siku hiyo mapema. Ya kuiharibu ni mengi, na watu wetu wanayafanya, wengi wao kwa nia njema kabisa. Kwa hiyo nitasema kwa ukali. Anayetaka kubembelezwa akamtafute komisioneri, yule dalali wa dosiye.

USIMPE MTU PESA

Hata elfu tano. Hata ya soda. Mkimbizi halipii fomu ya HCR, halipii mahojiano, halipii vipimo vya afya vya OIM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Tiketi ya ndege ya kwenda Marekani yenyewe hailipwi mkononi: unasaini hati ya deni lisilo na riba, na kuanza kulirudisha ni baada ya kufika na kupewa miezi kadhaa ya kujipanga. Familia inayoitwa na jamaa aliyetangulia ina gharama zake, kama pasipoti na vyeti vya komini, lakini kila gharama ina dirisha lake na risiti yake. Pesa isiyo na risiti ni ya komisioneri.

Mjue anavyofanya kazi. Komisioneri hodari hasemi uongo mwingi. Anajua kweli kwamba timu ya wahoji inatarajiwa, kwa sababu kambi nzima inajua. Anachukua pesa za familia kumi. Tatu zikiitwa, ambazo zingeitwa hata kama yeye hajazaliwa, anasema amezipitisha yeye, nazo zitamtangaza bila malipo kuanzia kisimani hadi msikitini. Saba zilizobaki anaziambia kiasi hakikutosha, ziongeze. Na zinaongeza. Ukimuuliza mama wa familia ya saba kwa nini aliuza mbuzi wa pili baada ya wa kwanza kuliwa, atakujibu kwamba aliona kwa macho yake jirani akiondoka.

Wala usijidanganye kwamba mwenye kitambulisho cha ofisi ni salama. Mwaka 2001 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walifichua mtandao uliojipenyeza katika ofisi ya HCR Nairobi, ukiuza kwa maelfu ya dola nafasi za kwenda Marekani, Kanada, Australia na Ulaya. Watu walikamatwa, na kazi ya kuwahamisha wakimbizi kutoka Kenya ikayumba. Waliolipa na wasiolipa waliumia pamoja.

Ukiombwa pesa na yeyote, awe mkalimani, awe mlinzi wa geti, awe mtu mwenye gari la shirika, peleka habari HCR au ONPRA, ofisi ya serikali ya wakimbizi, kwa siri ukipenda. Taarifa hiyo haikuondoi kwenye mstari.

USIONGEZE MTU, USIPUNGUZE MTU

Hili ndilo linaloua dosiye nyingi, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi.

Kwetu mtoto wa kaka yako ni mtoto wako. Umemlea, umemlipia shule, anakuita baba, na anayemwita wa mtu mwingine mbele yako anatafuta ugomvi. Sheria ya Marekani haijui hivyo. Inauliza nani alimzaa, nani alimlea kisheria, na karatasi iko wapi. Mtoto wa marehemu kaka yako anaweza kuandikwa kwenye dosiye kama mtoto unayemlea, na kuna utaratibu wake. Ukimwandika kama uliyemzaa, umeweka uongo penye kweli ambayo ingeweza kukusaidia.

Mwaka 2008 Marekani ilifanya majaribio ya vipimo vya DNA kwa wakimbizi waliokuwa wakiitwa na ndugu zao. Walianza Nairobi, kisha Ethiopia, Uganda na nchi kadhaa za Afrika Magharibi, jumla ya watu 3,000 hivi. Familia ambazo undugu wote waliodai ulithibitika hazikufika asilimia 20. Zilizobaki zilikuwa na angalau mtu mmoja ambaye damu yake haikulingana na madai, au watu waliokataa kupimwa. Mpango ule wa kuungana na ndugu ukasimamishwa kuanzia mwaka huo hadi Oktoba 2012. Miaka minne. Ndani ya miaka hiyo walikuwamo wake halali na watoto wa kuzaa waliongoja makambini kwa sababu ya watoto hewa wa watu wengine. Anayekuambia "mwongeze tu, hakuna atakayejua" anakuomba uwafanyie hivyo jirani zako.

Wapo pia wanaopunguza. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anafichwa ili mke asijue. Kijana aliyekimbilia Kampala anafutwa kwa sababu hayupo. Ukimwacha leo, kesho hutamwita: ofisa atafungua karatasi zako za zamani na kuuliza kwa nini mtoto huyu hakuwahi kutajwa. Taja wote uliowazaa, walio hai na waliokufa, walio nawe na waliopotea, hata yule ambaye kumtaja kutaleta kelele nyumbani. Kelele za nyumbani zina mwisho.

Halafu wake wawili. Muyinga hili ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyokubali kusema mbele ya wageni. Sheria ya Burundi ya mwaka 1993 inakataza mitala, na Marekani inatambua mke mmoja. Nimesikia ushauri unaotolewa barazani: "Wa pili mwandike dada yako." Usithubutu. Mtoto wa miaka sita ataulizwa huyu ni nani, naye atasema mama, kwa sababu ndivyo alivyo. Watoto wa wake wote wawili ni wako na wanaandikwa hivyo. Mke wa pili aelezwe kama alivyo, na dosiye yake itazamwe kwa haki yake mwenyewe. Ni kazi chungu kumwambia. Ifanyeni kabla ya mahojiano, ninyi watatu, mlango umefungwa.

USIOE, USIOLEWE, KABLA YA KUULIZA

Kijana aliyemo kwenye dosiye ya baba yake yumo kwa sababu mbili: hakuwa ametimiza miaka 21, na hana mke. Kuhusu umri, sheria ya Marekani ya mwaka 2002 inamlinda kwa kiasi: katika hali nyingi umri wake unahesabiwa kama ulivyokuwa hatua fulani ilipofikiwa, hata kama kungoja kumemkuza. Ndoa haina kinga kama hiyo. Siku anayooa, anatoka kwenye dosiye ya baba, na mke aliyemwoa hakumo kwenye dosiye yoyote.

Wazazi, msikilize hapa. Binti wa miaka 19 amengoja tangu akiwa na 12. Mchumba amekuja na mahari. Sitawaambia mumkatalie, maisha ni yake. Nawaambia ajue anachoacha, ajue kabla ya kukubali, na aambiwe na mtu wa dosiye, si na shangazi mwenye haraka ya pilau. Na ndoa ya kimya kimya ya msikitini au ya kanisani bila karatasi ya komini bado ni ndoa. Ofisa akimuuliza, "Una mume?" akajibu hapana, huku mimba ina miezi mitano na jirani wote walikula harusini, huo ni uongo chini ya kiapo.

TANGAZA KILA LINALOBADILIKA

Mimba. Mtoto aliyezaliwa. Kifo. Kutengana. Mtoto aliyeondoka nyumbani. Kila moja lina fomu, na kila moja ni afadhali liandikwe mapema kuliko ligunduliwe.

Mtoto akizaliwa, mwandikishe ndani ya siku 15 kama sheria ya Burundi inavyotaka, na kwa mkimbizi hakikisha pia ameingizwa kwenye orodha ya familia kwa ONPRA na HCR. Kuna watu wanaoficha mtoto mchanga wakiogopa kwamba kumtaja kutarudisha dosiye nyuma. Kweli kunaweza kuchelewesha. Kutomtaja kutamfanya abaki, kwa maana hana jina kwenye ndege, na hapo mtachelewa wote kwa muda mrefu zaidi.

MAJINA: YAACHE YALIVYO

Mgeni hushangaa. Baba ni Ndayizeye, mtoto wa kwanza ni Niyonkuru, wa pili Irakoze, wa tatu Hakizimana, na wote ni wa tumbo moja. Kwa Mrundi hakuna cha kushangaza, kila mtoto ana jina lake. Makosa huanza pale baba anaposhauriwa "kusawazisha" majina ili wazungu waelewe, anakwenda komini kutafuta vyeti vipya ambavyo watoto wote wanaitwa Ndayizeye. Sasa kadi ya chanjo inasema Irakoze, ripoti ya shule inasema Irakoze, orodha ya HCR inasema Irakoze, na cheti kipya, cha mwezi uliopita, kinasema Ndayizeye. Umetengeneza mtu wa pili. Maofisa wanaowahoji Warundi na Wanyamulenge wamekwishaona majina ya namna hii mara nyingi. Ukiulizwa, eleza kwa sentensi moja na unyamaze.

Kama kuna kosa la kweli la tahajia, Hasani na Hassan, Odeta na Odette, usilirekebishe kwa kalamu yako mwenyewe. Liseme. Na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa 1 Januari kwa sababu mwandikishaji hakujua nyingine, nayo iseme hivyo hivyo: sijui siku, mwaka ninaujua. Ofisa hataona ajabu.

Limeongezeka jingine. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42, na mgawanyo mpya ukaanza kutumika mwaka 2025. Muyinga, Cankuzo na Ruyigi sasa ni mkoa mmoja unaoitwa Buhumuza. Dosiye iliyoandikwa mwaka 2019 inasema mtoto alizaliwa mkoa wa Muyinga. Cheti kitakachotolewa leo kinaweza kusema Buhumuza. Zote mbili ni sahihi. Usirudi kubadilisha ya zamani. Beba cheti cha zamani pamoja na kipya, na kwenye fomu mpya jaza kama karatasi unayoiambatisha inavyosema.

CHETI CHA NDOA CHA MWAKA 2017

Mei 2017 Rais Pierre Nkurunziza aliwataka waliokuwa wakiishi pamoja bila ndoa ya kisheria waihalalishe kabla mwaka haujaisha. Wanandoa wengi Gitega na kwingineko wakapanga foleni komini, wengine wakiwa na watoto wanne. Leo cheti chao kinasema walioana Novemba 2017, na mtoto wao mkubwa ana miaka kumi zaidi ya cheti.

Usidanganye tarehe ili ilingane. Sema: tulianza kuishi pamoja mwaka fulani, mahari ililipwa mwaka fulani, komini tulikwenda mwaka 2017. Na mama, hapa kuna hatari ya kweli inayokuhusu wewe. Mume aliyeingia Marekani kama mkimbizi anaweza kumwita mke aliyekuwa mke wake kabla hajaingia. Kama yeye aliondoka mwaka 2016 na karatasi ni ya baadaye, tarehe hizo zitaulizwa, na jibu linahitaji mtu anayejua sheria hiyo kabla ya siku ya mahojiano. Usiende ukitegemea kwamba hawataona.

USIJIANDIKISHE MARA MBILI

Alama za vidole na mboni za macho zinakaa kwenye mfumo mmoja wa HCR. Aliyeandikishwa Kinama akaenda Nakivale, Uganda, kujaribu bahati kwa jina jingine anakutana na sura yake mwenyewe kwenye kompyuta.

USIVUKE MPAKA KWENDA ULIKOKIMBIA

Mkimbizi wa Kongo aliyeko Kinama anayerudi Uvira "wiki moja tu" kuzika, kuuza nyumba au kumwona mama, anamwachia ofisa swali baya: kama ungeweza kulala kule siku saba, unaogopa nini? Wakati mwingine msiba haungoji, najua. Omba ruhusa, eleza sababu, na usirudi na hadithi kwamba ulikuwa Ngozi.

Kwa Mrundi aliyekuwa Nduta au Nyarugusu nchini Tanzania, mpaka wa Kobero ni mlango wa upande mmoja. Ukirudi kwa hiari na kupokelewa nyumbani, dosiye yako ya ukimbizi imekwisha, hata kama mahojiano yalikuwa wiki ijayo. Lakini mke wa Gitega anayeitwa na mume wake hahitaji kuwa mkimbizi. Anaweza kukaa kwake, alime, auze, na aitwe akiwa huko huko. Wapo walioshauriwa kuvuka kwenda Tanzania na watoto ili "dosiye iwe na nguvu". Ni ushauri wa kijinga na unawatesa watoto bure.

LINDA NAMBA YA SIMU

Wahoji wakikupigia na simu haipatikani, wanapita kwa anayefuata. Laini usiyoiwekea salio kwa muda mrefu inaweza kufungwa na namba ikapewa mtu mwingine. Toa namba mbili: yako, na ya mtu mzima asiyehamahama na asiye na ugomvi na wewe. Ukibadilisha, peleka namba mpya wiki hiyo hiyo. Na simu yenye namba ya dosiye usimwachie kijana anayeipeleka sokoni kucheza muziki.

PANGA SAFARI YA BUJUMBURA MAPEMA

Gitega imekuwa makao makuu ya kisiasa ya Burundi tangu mwanzo wa 2019, lakini ubalozi wa Marekani umebaki Bujumbura. Kutoka Gitega ni kama kilomita 100 za barabara ya milima. Kutoka Muyinga, kupitia Ngozi na Kayanza, ni karibu mara mbili. Miaka hii ya uhaba wa mafuta kila mtu anajua kilichotokea kwa nauli na kwa ratiba za basi. Ukiitwa Jumanne saa mbili asubuhi, lala Bujumbura usiku wa Jumatatu, na kama mafuta hayapo, Jumapili. Tafuta mwenyeji sasa, si siku ya kuitwa. Weka pesa ya safari mahali ambapo ada ya shule haitaikuta.

USIKARIRI HADITHI

Watu wanauziana hadithi. Nasema hivi kwa masikitiko, kwa sababu wanaonunua mara nyingi wana za kwao zilizo nzito zaidi. Katika usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 zaidi ya wakimbizi 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo. Manusura wa kweli wapo, na baadhi yao walipokelewa Marekani. Baada yao wakaja watu waliojifunza Gatumba kwa kuisikia. Ofisa aliyewahoji manusura anajua mahema yalikuwa wapi na watu walikimbilia upande gani. Utaulizwa swali la nne, na hadithi uliyonunua ina maswali matatu tu.

Sema ulichokiona. Usichokumbuka, sema hukumbuki. Kama mke alikuwa jikoni na mume alikuwa shambani, majibu yao hayatafanana, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Familia inayojibu neno kwa neno kama kwaya inatia shaka kuliko ile inayopingana kuhusu rangi ya mlango.

Chagua lugha. Una haki ya mkalimani, na ni juu yako kusema unataka Kirundi, Kinyamulenge, Kiswahili au Kifaransa. Wengi huchagua Kiswahili kwa sababu kina heshima ya mjini. Kiswahili cha soko la Muyinga kinatosha kununua mchele. Huenda kisitoshe kueleza namna baba yako alivyouawa. Na mkalimani akikosea, simamisha hapo hapo, kwa adabu: "Samahani, sikusema hivyo." Ukingoja utoke nje ndipo ulalamike, kilichoandikwa kimeandikwa.

USIUZE SHAMBA

Januari 2025 walikuwapo wakimbizi, maelfu duniani, waliokuwa wamemaliza yote: wamehojiwa, wamekubaliwa, wamepimwa, wana tiketi. Tarehe 20 mwezi huo Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi, ikaanza kazi tarehe 27, na safari zikafutwa. Kulikuwa na watu waliokuwa wamekwisha kugawa vyungu. Juni mwaka huo huo likaja tamko jingine, lililoanza tarehe 9: nchi 12 zilifungiwa kabisa na 7 zikafungiwa nusu. Burundi ilikuwa katika hizo saba, na visa za kuhamia ni miongoni mwa zilizozuiwa. Kongo ya Kinshasa haikuwamo katika orodha ile, ila hilo halikumsaidia mkimbizi wa Kikongo wa Kinama, kwa sababu mlango wa wakimbizi wenyewe ulikuwa umefungwa.

Kwa hiyo unaposikia "imehamishwa", panda maharage. Ezeka nyumba inayovuja. Mpeleke mtoto shule mwaka huu, kwa ada kamili, wala usiseme "atasoma huko". Mtoto aliyeacha darasa la sita kwa sababu familia inaondoka karibuni, na karibuni ikawa miaka mitano, hana mtu wa kumlipa miaka hiyo. Jifunze ushonaji, Kiingereza, kutengeneza simu, chochote. Kama kuna nchi nyingine inayokuulizia, Kanada au Australia au nchi ya Ulaya, HCR ndiyo itakayokuambia. Huombi mwenyewe kwa kiungo ulichotumiwa WhatsApp na picha ya bendera.

NA WEWE ULIYEKO MAREKANI

Huku wanadhani una nguvu usizonazo, na wewe unawaacha wadhani hivyo. Waambie ukweli.

Ukihama nyumba, taarifu uhamiaji ndani ya siku 10. Sheria inadai hivyo, na barua ya mahojiano iliyokwenda anwani ya zamani inahesabiwa kuwa umeipata. Usitoke nje ya Marekani ombi la grini kadi likiwa mezani bila kumuuliza mwanasheria. Tarehe 2 Desemba 2025 idara ya uhamiaji iliagiza maombi ya watu wa nchi 19 zilizokuwa kwenye orodha ya Juni yashikwe yapitiwe upya, na Mrundi yumo. Basi kama dosiye yako ilihamishwa na kisha ikanyamaza, usiwaambie wa Gitega kwamba wewe ndiye umezembea, na usiwaambie kwamba mwezi ujao mambo yatakuwa sawa. Mwanasheria wa shirika la wakimbizi anaweza kukusaidia bure au kwa bei ndogo. Mchungaji, imamu na mwenye duka la vyakula vya Kiafrika wakusaidie kwa mambo yao.

Na acha kumwandikia mke wako majibu ya mahojiano kwa ujumbe wa sauti. Simu hukaguliwa.

UKIKATALIWA, HESABU SIKU

Mkimbizi aliyehojiwa na ofisa wa Marekani akakataliwa hupewa barua yenye sababu. Usiichane, usimpe komisioneri aisome. Una siku 90 tangu tarehe iliyoandikwa juu yake kuomba uamuzi utazamwe upya, na ombi ni moja tu, kwa hiyo lisiandikwe kwa hasira. Kulia kwamba umeteseka hakutoshi: lazima uonyeshe ofisa alikosea wapi katika uliyoyasema, au ulete ushahidi mpya ambao hukuwa nao. Kama mkalimani aligeuza maneno yako, taja swali gani, ulijibu nini, na yeye alisema nini. Tafuta mtu anayeandika Kiingereza vizuri, mwambie aandike unachosema wewe, akusomee mara mbili kabla ya kufunga bahasha. Anayesaini ni mwombaji mkuu aliyetajwa kwenye dosiye, hata kama mkewe au mwanawe ndiye anayejua kusoma. Weka namba ya dosiye kila ukurasa na ubaki na nakala.